Anayefuga mbwa amchanje

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza, ni nadra sana mgonjwa kupona. Kinga ipo: mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Basi halmashauri zetu zisingoje mtoto ang'atwe ndipo zikumbuke sheria ndogo. Zisajili mbwa, zidai cheti cha chanjo na ziwawajibishe wanaowaachia mbwa wazurure.

Wapo watakaosema wanyonge hawamudu gharama. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana tunataka chanjo itolewe bure vijijini. Hata hivyo, umaskini hauhalalishi kumwachia jirani hatari. Mwenye mbwa ndiye mwenye dhamana.