Pango la Noeli na Mikono ya Watoto

Adventi inapoanza, zimebaki Jumapili nne kufika Noeli. Katika misioni nyingi za Kongo watoto huanza kuulizana: «Mwaka huu pango litatengenezwa na nani?» Jibu lake ni fupi. Litengenezwe na watoto wenyewe, tena na watoto wote, hata wadogo wa darasa la kwanza.

Wako watu wasiokubali. Wanasema: «Sanamu za dukani zina uso mzuri na rangi zinazong'aa. Kondoo wa watoto ana miguu mitatu. Je, kitu kama hicho chafaa kuwekwa karibu na altare?» Watu hawa hawasemi kwa ubaya, wanataka Mtoto Yezu aheshimiwe. Lakini wamesahau jinsi pango lilivyoanza.

Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, nchi ya Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitaka kuona kwa macho yake taabu aliyopata Mtoto Yezu alipolazwa juu ya nyasi. Hakununua sanamu. Alimwomba rafiki yake mmoja, jina lake Yohana, atayarishe hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Usiku wa Noeli watu wakaja na mienge mikononi, misa ikasomwa pale pale penye hori. Hayo tu! Karibu miaka 800 baadaye, tarehe 1 Desemba 2019, Papa Fransisko alikwenda Greccio, akatia sahihi barua yake juu ya maana ya pango la Noeli. Kijiji kile hakikupata sifa kwa vitu vya bei kubwa.

Basi, vitu vya kutengenezea viko wapi? Viko bondeni, shambani na jikoni. Akina mama wafinyanzi waulizwe kwanza, maana wao ndio wanaojua udongo upi haupasuki. Udongo huo huondolewa mawe na mizizi, kisha hukandwa sana mpaka usibaki na hewa ndani. Mwezi wa Desemba kwetu ni wa mvua, sanamu hukauka polepole; kwa hiyo kazi ianze mapema. Sanamu mbichi ikianikwa juani mara moja hupasuka. Afadhali ikae kivulini siku kadhaa. Tena shingo na miguu myembamba huvunjika upesi, ndiyo sababu kondoo aliyelala ni rahisi kuliko kondoo aliyesimama. Mkaa uliosagwa hutoa rangi nyeusi, pemba hutoa nyeupe, na udongo mwekundu wa njiani una rangi yake tayari. Nyumba hujengwa kwa matete yaliyofungwa kwa nyuzi za mgomba. Nyota hukatwa katika karatasi ya daftari la zamani, hubandikwa kwa unga wa muhogo uliopikwa kwa maji mpaka unate.

Moto usichezewe. Nyasi kavu na taa havikai pamoja. Taa iwekwe mbali, na mtu mzima aiwashe.

Watu wengine hutandaza pamba juu ya paa la pango, wakisema ni theluji. Kwa nini? Mwinjili Luka hakutaja theluji. Pamba ibaki kwa muuguzi, ana kazi nayo. Kwa kweli Luka hakutaja ng'ombe wala punda pia. Wakristo wamewatwaa katika maneno ya nabii Isaya, sura ya kwanza. Watoto wengi wa Kongo hawajamwona punda hata siku moja, lakini mbuzi wanamjua sana. Mtoto akifinyanga mbuzi, mbuzi na akae.

Liko kosa moja baya kuliko sanamu mbaya. Siku ya mkesha, wanafunzi wakubwa, au hata mwalimu, hupita kimya kimya na kuondoa vitu vya wadogo, ili zibaki sanamu nzuri peke yake. Jioni mtoto anakuja na mama yake kwa misa ya usiku. Njia nzima amekuwa akimwambia: «Mama, utamwona kondoo wangu.» Wanapofika, anamvuta mkono mpaka mbele. Anatafuta kulia, anatafuta kushoto, anachungulia nyuma ya wachungaji. Kondoo hayupo. Mama anauliza: «Yuko wapi, mwanangu?» Mtoto hana neno. Watu wote wanaimba, yeye anatazama chini. Aliyeondoa kondoo hakutaka kumwumiza mtu, alitaka uzuri tu. Lakini uzuri huo umelipiwa na mtoto mdogo, na Mtoto Yezu hakuudai.

Kondoo wa miguu mitatu hahitaji kuondolewa. Jiwe dogo likiwekwa chini ya tumbo lake, atasimama kama wenzake. Kazi hiyo ndiyo ya wanafunzi wakubwa.

Baada ya Epifania pango huvunjwa. Matete huenda kuwashia moto. Sanamu za udongo ambazo hazikuchomwa zisitupwe nje, maana mvua moja tu huzirudisha kuwa matope. Kila mtoto apewe yake aipeleke nyumbani, iwekwe mahali pakavu, mama aione kila siku.