Upepo wa Dar es Salaam ni wa Nani?

Hatuwalaumu wanaohamia Dar es Salaam. Kuna bandari, kuna Muhimbili, kuna soko la Kariakoo. Ndiyo maana sensa ya mwaka 2022 ilikuta humu watu zaidi ya milioni 5.

Lakini yuko adui asiyetajwa sana, nalo ni joto. Mwezi wa Februari mtu hutandika mkeka uani, akaamkia kazini hajafumba jicho. Tena joto hili halikugawiwa sawa. Wakoloni walipopima mji walijitengea Oysterbay, ufukweni penye upepo, viwanja vipana vyenye miti; Mwafrika akaachiwa Kariakoo na msongamano wake. Bendera ya Mwingereza iliteremshwa mwaka 1961. Ramani yake ingalipo, ila sasa kinachotenga watu ni fedha, si rangi.

Na sisi wenyewe tumezidisha ubaya. Nyumba za Kariakoo zilizokuwa na baraza na ua nyingi zimevunjwa, maghorofa yamesimama bega kwa bega. Mwembe hukatwa ili pajengwe fremu za maduka, na aliyeukata ndiye wa kwanza kulalamikia jua!

Mnazi Mmoja iliachwa wazi ili kututenga na mitaa ya wakubwa. Leo ndipo mchovu anapopumzika. Tunawataka madiwani walio wanachama wetu wailinde, na kila kata ipate mahali kama hapo. Tena kabla ya kutoa kibali cha ghorofa, wamwulize mwenye kiwanja atapanda miti mingapi, na wapi.