SIRI YA VITA NA HAKI YA KUULIZA



Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa, na wengi wakauawa. Serikali haikuutangazia umma hesabu yao kamili. Askari wale walikuwa watoto wetu, na mshahara wao ulitoka katika kodi zetu.

Hatuulizi mizinga itawekwa wapi. Hiyo ni siri ya haki. Lakini waliokufa, adui amekwisha kuwahesabu. Anayefichwa ni mwananchi. Kifungu cha 125 cha Katiba ya 2010 chawapa Wabunge uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi. Basi wamwite Waziri, kwa faragha ikibidi, wamwulize.

Nasi, Mbunge akija kuomba kura, tumwulize: Je, wewe uliuliza?