Mgongo wa mtoto hausubiri kliniki

Perere anayelia usiku katika msitu wa Kilimanjaro ana pingili saba za shingo. Mbega ana saba, twiga pamoja na urefu wake wote ana saba, na binadamu vilevile. Tofauti huanzia chini ya shingo: hadi kwenye nyonga, perere ana pingili zinazokaribia 30, sisi tuna 17. Mageuko ya viumbe yamerefusha na kufupisha migongo ya mamalia kwa mamilioni ya miaka, lakini shingo karibu hayakuigusa, isipokuwa kwa wanyama wachache mno. Maelezo yenye nguvu ni kwamba pingili hupangwa siku za mwanzo kabisa za mimba, na jeni zinazoipanga shingo zinashughulika wakati huohuo na viungo vingine. Kosa dogo hapo huvuruga mengi, na kiumbe mara nyingi hafiki kuzaliwa.

Kuwahi huko ndiko kunakonisumbua ninapotazama sera yetu ya lishe. Kwa binadamu, mfereji wa neva unaozaa ubongo na ugwemgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge. Usipofunga upande wa chini, pingili nazo hubaki wazi, na mtoto huzaliwa na mgongo wazi, mara nyingi na kichwa kinachojaa maji. Siku hiyo ya 28 mama ndiyo kwanza anashtuka kwamba amepitisha siku zake. Vidonge vya foliki asidi, vitamini inayosaidia mfereji huo kufunga, atakavyopewa kliniki mimba ikiwa na miezi minne vitamsaidia damu. Kwa mgongo wa mtoto vimechelewa.

Kinachoweza kumfikia mapema ni chakula cha kila siku. Tangu mwaka 2011 kanuni za Tanzania zinataka unga wa ngano na wa mahindi uongezwe virutubishi, foliki asidi ikiwamo. Lakini familia ya Pasua, mjini Moshi, hubeba debe lake la mahindi hadi mashine ya mtaani, husubiri zamu, hurudi na dona ingali moto, na humo hakikuongezwa kitu. Wapo watakaosema mchicha na maharage vinatosha. Folati, umbo la asili la foliki asidi, imo kweli, ila nyingi hupotea katika maji ya kuchemshia na moto wa muda mrefu. Ni kweli pia kwamba urithi, kisukari cha mama na baadhi ya dawa za kifafa huchangia tatizo hili. Hata hivyo, jaribio lililoongozwa na Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 lilionyesha kwamba kwa wanawake waliowahi kupata mimba yenye kasoro hiyo, foliki asidi iliyoanzwa kabla ya mimba nyingine ilizuia asilimia 72 ya marudio.

Pingamizi zito dhidi ya kuongeza virutubishi kwenye mashine za mtaani ni gharama, na mwenye mashine hastahili kutwishwa peke yake. Halmashauri tayari hutakiwa kutenga fedha za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Sehemu ya fedha hizo inunue vifaa vya kuchanganyia na mifuko ya virutubishi kwa mashine ndogo, na wasagaji wafundishwe kupima.