Bustani ya Nyumbani: Mwaridi Unaodhoofika

Mwishoni mwa kiangazi, huko Bukavu, tuliitwa na mama mmoja mjane. Mlangoni pake una mwaridi uliopandwa na marehemu mumewe. Majani mengi yalikuwa yamepukutika, na yaliyosalia yalikuwa na madoa meusi yenye kuzungukwa na rangi ya njano. Kwa mwaka mzima ulitoa maua mawili tu. Wanawe walitaka kuung'oa ili wapate mahali pa mihogo. Mama alikuwa akiutilia samadi kila mwezi, na kadiri ulivyozidi kudhoofika ndivyo alivyozidisha samadi.

Twaisifu bidii yake, lakini mti huo haukuwa na njaa. Migomba mitatu ilikuwa imeufunika. Mwaridi hutaka jua kwa muda wa saa sita kila siku, na jua la asubuhi ndilo bora, kwani hukausha umande upesi. Madoa yale ni ugonjwa wa kuvu. Mbegu zake hurushwa na matone ya maji, na jani likikaa na unyevu kwa saa saba hivi, ugonjwa huingia. Basi penye kivuli, mti huugua daima.

Tuliikata migomba, tukayaokota majani yote yaliyoanguka, tukayachoma moto. Kisha tukapogoa. Katika nchi zetu hakuna theluji ya kuulaza mwaridi. Usipopogolewa, huchoka kwa kubeba matawi yaliyozeeka. Tuliondoa yaliyokauka, tukabakiza matano yenye nguvu, urefu wa kufika gotini, kila moja likikatwa kwa mshazari juu kidogo ya jicho linaloelekea nje, ili katikati pawe na hewa.

Palikuwa na chipukizi moja refu, la kijani, zuri kuliko yote, lililotoka chini ya udongo. Mama alitusihi tuliache. Ilitupasa kumkatalia, nasi tulimwonea huruma. Miwaridi mingi hupandikizwa juu ya shina la mwaridi mwitu, na chipukizi la namna hiyo ni la mwitu. Hunyonya nguvu zote za mwenzake. Tulifukua udongo, tukaling'oa kutoka mzizini, maana likikatwa kwa kisu hurudi.

Samadi tuliizuia mpaka majani mapya yatokee, nayo iwe imeoza vema, isiguse shina. Maji yamwagwe chini asubuhi, kamwe si juu ya majani; ndoo nzima mara mbili kwa juma yafaa kuliko kikombe kila siku. Vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaokusanyika nchani, mama huwasugua kwa vidole.

Juma la nane tulipita tena. Matawi yalikuwa na majani mekundu machanga na matumba sita, moja limekwisha kufunguka. Wanawe wamepanda mihogo nyuma ya nyumba.