Mafua ya ndege: Tusajili kuku, tusiguse mizoga

Januari 2025, Wakala wa Usalama wa Afya wa Uingereza, wenye makao yake London, ulitangaza kuwa mtu mmoja wa West Midlands ameambukizwa virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N1 baada ya kukaa karibu na ndege wengi wagonjwa shambani. Hatari kwa umma ni ndogo, lakini tangu 2003 karibu nusu ya wagonjwa waliothibitishwa duniani wamefariki.

Wenzetu wa London wanaofuga kuku uani wakumbuke: tangu Oktoba 1, 2024, sheria ya England inataka hata kuku mmoja asajiliwe. Tuitii. Tukikuta ndege amekufa bustanini au kando ya mto Thames, tusimguse. Tutoe taarifa serikalini mara moja, na watoto tuwaonye.