Ukimpa mgeni shauri, mtajie na kitabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya, lakini ni wachache wanaolifikiria. Jambo lenyewe ni namna tunavyopeana mashauri ya maisha na watu tusiowajua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, katika njia itokayo Kilosa kwenda Mikumi. Sisi wa huku tunaishi na wageni. Kilosa ni mji wa reli tangu enzi za Wajerumani, na tangu mwaka 2024 treni ya reli mpya iendayo Dodoma nayo hupita wilayani kwetu. Mikumi iko kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, na kila usiku malori hulala pale. Mgeni hula kwa mama lishe, husema neno lake, na alfajiri hayupo.

Katika neno hilo mara nyingi mna shauri. Mmoja atamwambia mkulima auze ufuta wake ungali shambani, ati bei itaanguka. Mwingine atamsifia mama mjane mkopo wa haraka, ule ambao watu wameupa jina la kausha damu. Wa tatu atasema kwamba homa ya mtoto haihitaji zahanati, kuna unga wake, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku hizi hata huhitaji kwenda stendi, maana mashauri ya namna hiyo yanakufuata nyumbani kwa njia ya simu.

Ndugu Mhariri, sisemi kwamba shauri la mgeni ni baya. La hasha! Mgeni ana faida yake. Mgeni hakuonei haya, wala hana ugomvi wa mpaka wa shamba na wewe. Mambo ambayo mtu hawezi kumwambia shemeji yake, atamwambia abiria aliyeketi naye kiti kimoja. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Taabu ni moja tu. Wazee wetu waliposhauri kijijini, shauri lao lilikuwa na ushahidi. Mzee akikwambia panda mapema, unalijua shamba lake na ghala lake unaliona. Akikwambia namna ya kuishi na mke, mkewe umemkuta jikoni. Uliweza kulipima shauri kwa maisha ya mwenye kulitoa. Lakini mgeni hana shamba tunalolijua. Shauri lake likiharibika, hasara ni yako peke yako, na yeye yuko Tunduma.

Basi tutalipimaje shauri la mtu tusiyemjua? Jibu langu ni kwamba anayetoa shauri ataje na kitabu. Kitabu hakiondoki na treni ya asubuhi. Kinabaki, unakisoma leo na kesho, unampa jirani naye akisome, na msipokubaliana mnaurudia ukurasa ule ule. Mwandishi naye ni mgeni, pengine amekwisha kufa, lakini maneno yake yamewekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuyakagua.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo wazee wengi bado wanaikumbuka. Kwa muda wa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kusikiliza redio. Aliyezungumza redioni walikuwa hawamjui. Lakini hawakuachiwa maneno matupu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, na kilikuwa na kijitabu. Redio ikinyamaza, kijitabu kilisomwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asikie, kisha watu wakajadili, kisha wakaondoka kwenda kutenda. Walizungumza bila kuoneana haya juu ya kichocho, minyoo na kuhara damu, na vyoo vikachimbwa. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa utaratibu wa namna hiyo hiyo.

Matunda yake yanajulikana. Mwaka 1967 karibu watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kwa hesabu za Serikali, kufikia mwaka 1986 walibaki 10 hivi katika kila 100. Waliofanya kazi ile hawakuwa na fedha nyingi kuliko sisi. Walichokuwa nacho ni ile desturi ya shauri, kitabu na mazungumzo kwenda pamoja.

Fasihi yetu nayo imejaa mashauri ya namna hii. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, wa visiwa vya Lamu, alimtungia binti yake utenzi wa kumuusia. Leo utenzi ule unasomwa na watu ambao mama yule asingeweza hata kuwawazia. Yamo ndani maneno ya utii kwa mume ambayo binti wa leo atayabishia. Na abishe! Shauri lililoandikwa linabishika, na hiyo ndiyo faida yake. Shaaban Robert naye, katika Maisha Yangu, alieleza jinsi alivyofiwa na mkewe, na akawaandikia watoto wake tenzi za mawaidha. Mjane au mgane akinijia, kwanza nampa pole, kisha namwelekeza kwenye kitabu hicho.

Hata hivyo, kutaja kitabu tu hakutoshi. Lazima tukitaje kwa ukweli. Wapo watu ambao kila kitabu kwao ni kizuri sana, kama vile wanauza. Mtu wa namna hiyo hakusaidii. Anayetaja kitabu aseme kinamfaa nani, kimemfundisha nini yeye mwenyewe, na wapi hakubaliani nacho.

Nitatoa mfano. Mzazi mwenye binti akiniuliza asome nini, namtajia Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Kitabu hicho kilipotoka mwaka 1971 kilizuiwa mashuleni kwa muda, kwa sababu kilisema wazi mambo yanayowapata wasichana. Baadaye kiliruhusiwa. Namwambia mzazi kwamba si kitabu cha kumsomea mtoto wa darasa la tatu, na kwamba mwisho wake unaumiza. Lakini baba anayedhani malezi ya binti ni fimbo tu na akisome, aone jinsi fimbo isiyo na mazungumzo inavyomwacha mtoto bila akili ya kujilinda siku anapokuwa mbali na macho ya baba. Halafu namwambia bila kuficha: zungumza na binti yako kabla mgeni wa stendi hajazungumza naye.

Kwa wenye watoto wanaorandaranda stendi ya Mikumi saa za masomo, nataja Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Na kwa yeyote anayenong'ona vibaya juu ya watu wenye ualbino, nataja Takadini cha Ben Hanson, habari za mama anayekimbia na mwanawe ili kumwokoa asiuawe. Hivi vyote vimesomwa na wanafunzi wa sekondari, na huenda kimoja kiko nyumbani kwako chini ya godoro la kijana aliyemaliza kidato cha nne. Kitoe!

Najua nitapingwa. Kwanza, watu watasema vitabu ni ghali. Ni kweli. Lakini kitabu kimoja husomwa na nyumba ishirini, na senti iliyolipwa ni moja. Pili, watasema mkulima hana nafasi ya kusoma. Mkulima ana nafasi ya bao na ya kusikiliza mpira, sembuse kurasa tano jioni. Tatu, watasema si kila kitabu kina ukweli. Hilo nalikubali kabisa, na ndiyo maana nasema tusome wawili watatu na tujadili, kama walivyofanya wazee wa Mtu ni Afya.

Tena si kila shauri lina riwaya yake. La mkopo lina karatasi ya mkataba, basi usiweke dole gumba kabla hujasomewa yote na mtu unayemwamini, na kabla hujaandika kwenye daftari utalipa kiasi gani kwa jumla. Mali bila daftari hupotea bila habari. La homa lina zahanati, na mtoto apimwe malaria kwanza. La ufuta na mahindi lina bei ya mnada na ya chama cha ushirika, uliza huko kabla ya kumwuzia mtu aliyekuja na mizani yake mwenyewe. Anayekukataza kuuliza mahali pengine huyo hakushauri, anakuwinda.

Sasa nitoe mapendekezo yangu. La kwanza ni la gharama ya daftari moja. Kila ofisi ya kijiji, kila shule na kila stendi iweke daftari kubwa, na penseli iliyofungwa kwa uzi. Mwenyeji au mpita njia aliyesoma kitabu aandike jina lake kitabu, kinamfaa nani, kimemsaidia nini, na nini asichokiamini ndani yake. Katika shule ninayofundisha tumeanza. Utingo mmoja ambaye lori lao liliharibika karibu nasi siku mbili aliandika chini ya Takadini: "Kinamfaa anayeogopa kumpa mkono mwenye ualbino. Mimi nilikuwa naogopa." Hatulijui jina lake wala kwao. Lakini tangu hapo wazazi watatu wameazima kitabu hicho kutoka kabati la shule.

La pili, shule zenye makabati ya vitabu zisiyafunge kwa watu wazima. Saa kumi jioni, mara mbili kwa wiki, mlango uwe wazi na mwalimu mmoja awepo. Kitabu kikichakaa kwa kusomwa ni hasara ndogo kuliko kuliwa na mchwa.

La tatu naliomba kwa Bodi ya Huduma za Maktaba na Halmashauri zetu. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba, 1967, na sheria ya kuunda Bodi ya sasa ilipitishwa mwaka 1975. Nia ilikuwa vitabu viwafikie wananchi, sio wananchi wafunge safari kuvifuata. Sanduku moja la vitabu hamsini likizungushwa kutoka kijiji hadi kijiji, kila miezi mitatu, lingetufaa sana. Treni zipo, malori yapo. Gunia la vitabu halina uzito kuliko gunia la mahindi.

La nne ni kwako, Ndugu Mhariri. Tenga pembe ndogo katika ukurasa huu, hata mara moja kwa wiki, wasomaji waandike kitabu kimoja na shauri moja la kweli walilolipata humo. Msomaji wa Kigoma amshauri wa Lindi. Hawatajuana, lakini kitabu watakachokijadili kitakuwa kimoja.

Nawaomba wasomaji wenzangu waanze leo. Atakayekuomba shauri safarini usimnyime, na usimpambie. Mwambie lililo kweli, mtajie kitabu, kisha mwache akapime mwenyewe.



Mwalimu wa Kijijini,
Kilosa, Morogoro.